Binti wa Baiolojia na Mlango wa Utafiti: Asingojee Mwaka wa Nne



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake. Ndugu wasomaji, kina mama wenzangu na mabinti zetu wapenzi, juma hili safu yetu inawaelekea watoto walioko vyuo vikuu, hasa wale wanaosomea elimu ya viumbe, yaani baiolojia na matawi yake: biokemia, sayansi ya bahari, elimu ya vijidudu na mengineyo.

Nyumba nyingi za pwani leo zina binti aliyefika chuo kikuu, na hiyo ni neema ya kushukuriwa. Mzazi huuza alichonacho akalipa karo, mama hukesha kwa dua, na miaka minne ikisha binti huvaa joho, picha zikapigwa na pilau ikapikwa. Baada ya sherehe huanza kuomba kazi au nafasi ya masomo ya juu, na huko akakutana na swali ambalo cheti chake hakilijibu: umewahi kufanya nini kwa mikono yako mwenyewe? Umeshika hadubini ukatafuta jambo usilolijua, au umeishika ili kuona lile ulilokwisha kuambiwa utaliona?

Hapo ndipo wengi wao hugundua kuwa wamesoma sayansi bila ya kuifanya. Neno letu la leo ni hili: mwanafunzi wa baiolojia asingojee mwaka wa nne ndipo aingie katika utafiti. Na aanze mapema, aanze padogo, aanze kwa kuomba. Na jamaa zake wamfungulie njia hiyo kwa busara, badala ya kuifunga kwa hofu.

Utafiti ni nini hasa

Watu wengi wakisikia neno utafiti hudhani ni kazi ya madaktari wenye mvi na mashine za thamani kubwa. Ukweli ni kwamba utafiti ni kuuliza swali ambalo jibu lake halimo kitabuni, kisha kulitafuta jibu hilo kwa njia ambayo mtu mwingine akiifuata ataweza kukuhakiki. Darasani mwanafunzi hupewa majibu. Katika utafiti hata mwalimu hajui jibu, na wote wawili wanangoja kuona.

Jambo hili si geni katika dini yetu. Wahyi wa kwanza uliomteremkia Mtume wetu (s.a.w.) ulianza kwa amri ya kusoma, na Qur'ani inatuita mara nyingi tutazame na tuzingatie: ngamia alivyoumbwa, nyuki na kazi yake, mvua na ardhi iliyokufa inavyohuika. Wanazuoni wa zamani waliufahamu mwito huo. Al-Jahiz wa Basra, katika karne ya 9, aliandika kitabu kikubwa cha wanyama kilichojaa aliyoyashuhudia. Ibn al-Haytham, naye mzaliwa wa Basra aliyefia Cairo katika karne ya 11, aliichunguza nuru na jicho kwa majaribio na akawaonya wasomaji wasikubali kauli ya mtu kwa sababu tu ya ukubwa wa jina lake. Ibn al-Nafis, tabibu wa karne ya 13, alieleza jinsi damu inavyopita mapafuni kutoka upande mmoja wa moyo hadi mwingine, kinyume na ilivyoaminiwa tangu zama za Wayunani. Basi binti anayeuliza swali jipya hatoki nje ya mila yake, bali anairejelea.

Kwa nini wa kwetu

Pana sababu nyingine inayotuhusu sisi watu wa pwani moja kwa moja. Bahari ni yetu, mikoko ni yetu, magonjwa yanayowapata watoto wetu ni yetu. Lakini anayeandika habari za mambo hayo, mara nyingi, ni mgeni aliyekuja kwa miezi mitatu.

Tazameni Gazi, Kaunti ya Kwale. Tangu miaka ya 1990 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, wamekuwa wakipanda mikoko huko na kupima jinsi inavyokua na kiasi cha kaboni inachohifadhi. Kutokana na vipimo hivyo ndipo mwaka 2013 ulipozaliwa mradi wa Mikoko Pamoja, ambao huuza haki za kaboni, na wanakijiji wa Gazi na Makongeni wakatumia mapato kwa maji na shule. Mwaka 2017 mradi huo ulipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Faida yote hiyo imesimama juu ya kazi isiyokuwa na fahari: mtu kuingia matopeni na utepe, kuupima mzingo wa mti mmoja, kuandika, kisha kwenda kwenye mti wa pili. Kazi ya namna hiyo mwanafunzi wa mwaka wa pili anaiweza.

Au tazameni Kilifi. Tangu mwaka 1989 Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, KEMRI, pamoja na wafadhili wa Wellcome wa Uingereza, wana kituo huko. Watoto wa Kilifi walikuwa miongoni mwa walioshiriki majaribio ya chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwezi Oktoba 2021, ikiwa chanjo ya kwanza ya malaria kupendekezwa kwa matumizi mapana. Nyuma ya chanjo moja wako watu mamia: wanaohesabu vimelea kwenye kioo cha hadubini, wanaohifadhi damu katika majokofu, wanaobisha hodi nyumba kwa nyumba kumweleza mama haki yake ya kukubali au kukataa mtoto wake asishiriki.

Na hapo katika kubisha hodi, binti yetu ana lisilopatikana kwa mwingine. Anaingia ndani ambamo mwanamume hawezi kuingia. Anajua kuzungumza na mama mzazi juu ya uzazi, maziwa na damu, kwa lugha na haya zinazofaa. Anajua samaki kwa majina ya wavuvi, na anajua kwamba mkoko, mchu, mkandaa, muia, mlilana na mkomafi ni miti mbalimbali ingawa mgeni huiona yote kuwa kichaka kimoja. Elimu hiyo aliipata bure kwa babu na bibi yake. Ikiunganishwa na elimu ya chuo, inazaa maswali ambayo mgeni hayawazi.

Mwaka wa kwanza: kujijengea macho

Binti yangu uliye mwaka wa kwanza, usidhani huna la kufanya. Anza na vipindi vya maabara. Wengi huviona kama mzigo wa kunakili majibu kutoka kwa waliotangulia. Wewe vichukue kama darasa la mikono. Jifunze kutumia hadubini mpaka mkono wako uizoee, kupima maji kwa pipeti bila ya kupoteza tone, kuandika lebo isiyofutika. Uliza kwa nini jaribio lina kundi la kulinganishia, yaani lile lisilotendwa lolote, ili ijulikane kama tofauti iliyoonekana imetokana na ulichokifanya au ingetokea hata hivyo. Anayelielewa jambo hili moja amekwisha kuvuka kizingiti cha sayansi.

Mfahamu fundi wa maabara. Wanafunzi huwaandama wahadhiri na kumsahau yule anayejua kila chupa ilipo, na ambaye aghalabu ndiye anayeulizwa: je, mwanafunzi huyu ni mwangalifu? Kisha soma kazi walizoandika wahadhiri wako wenyewe. Makala ya kitaalamu huchosha mwanzoni, kwa hiyo usiisome kuanzia juu hadi chini kama gazeti. Soma muhtasari, tazama picha na majedwali, halafu utafute mahali mwandishi anaposema kwamba jambo fulani bado halijulikani. Hapo ndipo maswali yalipojificha.

Jifunze pia takwimu, wala usizikimbie. Baiolojia ya leo huhesabu sana. Programu iitwayo R hupatikana bure, na kompyuta ya maktaba yatosha kuanzia. Mwanafunzi anayeweza kulisafisha jedwali la namba na kuchora mchoro ulio sahihi hupokewa karibu kila mahali.

Namna ya kuomba

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nafasi nyingi za utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza hazibandikwi ukutani. Hupatikana kwa mwanafunzi kuandika barua au kwenda ofisini kuomba, na wasichana wetu, kwa malezi yao ya haya, ndio wanaochelewa zaidi. Haya ni katika imani, lakini haya haimzuii mtu kutafuta elimu. Wanawake wa Madina walimwendea Mtume (s.a.w.) wakamuuliza mambo ya ndani kabisa ya dini yao, na bibi Aisha (r.a.) akawasifu kwa hilo.

Barua yako iwe fupi na iwe na mambo matano. La kwanza, wewe ni nani, mwaka gani na kozi gani. La pili, ni kazi gani ya mhadhiri huyo uliyoisoma na ni kipi kilichokuvuta, kwa sentensi mbili zinazoonyesha kuwa kweli umesoma. La tatu, unaomba nini: kusaidia kazi ndogo maabarani, au kwenda nyanjani, au kuhudhuria mikutano ya kikundi chake tu ili usikilize. La nne, una saa ngapi kwa wiki na kwa muda gani. Usiahidi usiloliweza, kwani anayeahidi saa sita na akazitimiza ni bora kuliko anayeahidi ishirini akapotea. La tano, shukrani na namna ya kukupata. Usiandike barua moja ukaituma kwa wahadhiri ishirini, maana hujulikana mara moja.

Usipojibiwa baada ya wiki mbili, mkumbushe mara moja kwa adabu. Ukinyimwa, shukuru na umwulize kama anamjua mwingine. Profesa Wangari Maathai, aliyesomea baiolojia Marekani katika miaka ya 1960, alirudi nyumbani mwaka 1966 akiwa ameahidiwa kazi ya usaidizi wa utafiti Nairobi. Alipofika akaambiwa nafasi amepewa mtu mwingine. Akatafuta mlango wa pili, akapata kazi ya utafiti katika idara ya anatomia ya wanyama, na mwaka 1971 akapata shahada ya uzamivu. Angalirudi nyumbani akakaa, nchi isingalimjua.

Milango yenyewe kwetu si haba. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko mjini. Makao makuu ya KMFRI yako Mombasa, na kituo chake kingine kiko Gazi. KEMRI iko Kilifi. Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, ina kituo Gede, jirani na msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ndege na wanyama wadogo wasiopatikana kwingi duniani. Hata anayesoma Nairobi au Eldoret anaweza kurudi likizoni akafanya mafunzo ya kazini, yale ambayo wanafunzi wenyewe huyaita atachimenti, karibu na kwao. Aombe miezi kadhaa kabla, awe na barua ya utambulisho ya chuo, na aulize mapema juu ya bima.

Kazi ya kwanza ni ndogo

Mwanangu, ukikubaliwa usitaraji kupewa jambo kubwa siku ya kwanza. Huenda ukaosha vioo, ukaandika lebo mia mbili, ukahesabu kaa katika fremu ya mraba, au ukaingiza namba katika kompyuta mchana kutwa. Usivunjike moyo. Kijana anayejifunza kuunda majahazi Lamu hakabidhiwi shoka la kuchonga mkuku siku aliyofika. Hupewa pamba na mafuta asaidie kutia kalafati, na kwa kutia kalafati huijua kila ubao ulivyounganishwa. Katika utafiti ni vivyo hivyo: anayehesabu kaa kwa uaminifu mwezi mzima ndiye atakayeona kwamba upande mmoja wa ufuo hawapo, na kuuliza kwa nini.

Hili neno uaminifu ndilo roho ya kazi nzima. Mtafiti huwa na daftari. Huandika kwa wino, kwa tarehe, palepale jambo linapotendeka. Akikosea hupiga mstari mmoja juu ya kosa ili lisomeke, wala hafuti wala hachani ukurasa. Namba isiyompendeza huiandika sawa na ile inayompendeza. Twakumbuka kisa cha Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni, akatia mkono wake katika rundo la nafaka akakuta ndani ni mbichi ilhali juu ni kavu. Muuzaji alitoa udhuru wa mvua, lakini Mtume hakuukubali: iliyoloa ilipaswa kuwekwa juu watu waione. Mtafiti anayeficha matokeo mabaya chini ya mazuri ni yule yule muuzaji, isipokuwa wanunuzi wake ni wagonjwa na wavuvi wasioweza kutia mkono wakahakikisha. Binti aliyelelewa kwa amana anayo tayari sifa ambayo maabara haziwezi kuinunua.

Swali lako mwenyewe

Mwaka wa nne huja na mradi wa utafiti, ambao ni sehemu ya shahada. Aliyeanza mapema atauingia akiwa na swali. Aliyechelewa atapewa lolote litakalobaki.

Swali zuri ni dogo. Mwanafunzi akisema anataka kuchunguza uchafuzi wa bahari, amejitwika mzigo wa maisha kumi. Lakini akisema: je, kaa hula miche ya mkoko zaidi mahali penye kivuli kuliko penye uwazi? Hilo linapimika. Atachagua viwanja kumi vya kivuli na kumi vya uwazi, atapanda miche sawa kila kimoja, kisha atarudi kila bamvua kuhesabu iliyoliwa. Ndani ya miezi miwili atakuwa na jibu, na jibu hilo litamfaa mtu anayepanda mikoko. Vivyo hivyo kwa kina mama wanaolima mwani Kibuyuni: wanajua kwamba maji yakipata joto sana mwani hupauka na kukatika. Ni kina gani, ni kamba ya namna gani, ni mwezi gani hasara hupungua? Maswali haya yanamngoja binti mwenye kipima joto, daftari na subira.

Tena angalia jinsi kazi yenyewe inavyoafikiana na hesabu zetu. Bamvua hufuata mwezi: maji hukupwa sana siku za mwandamo na siku za mwezi mpevu, na katika pwani yetu kupwa huko kwa mchana hutokea aghalabu kabla ya adhuhuri. Anayehesabu tarehe za Kiislamu anaijua ratiba ya kazi yake ya ufuoni kabla ya kuulizwa, na aghalabu atakuwa amekwisha kutoka majini sala ikifika.

Kabla ya kugusa chochote, aulize vibali. Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, NACOSTI, ndiyo hutoa leseni za utafiti nchini. Utafiti unaohusu watu hupitishwa kwanza na kamati ya maadili, hata kama ni kuuliza maswali tu. Mwanafunzi aghalabu hufanya kazi chini ya vibali vya msimamizi wake, lakini amwombe avione.

Maneno na wazazi na waume

Sasa nawageukia wazazi, na waume wa mabinti walioolewa. Hofu zenu nazijua, wala si za kudharauliwa. Mtoto wa kike aende Gazi alale huko? Aingie majini na wanaume? Arudi usiku kutoka maabara? Jibu la hofu si kufunga mlango. Ni kuuliza maswali yaliyo wazi na kutaka majibu yaliyo wazi. Nani kiongozi wa kikundi? Wako wanawake wengine? Watalala wapi, na vyumba vya wanawake viko vipi? Gari litaondoka na kurudi saa ngapi? Ni nani wa kupigiwa simu? Kikundi chenye nidhamu hujibu yote haya bila ya kukasirika. Kisichoweza kujibu, hicho ndicho cha kuepukwa. Kama safari ni ya mbali, kila familia iongee na sheikh wake. Lakini nafasi nyingi nilizozitaja hapo juu ni za kwenda asubuhi na kurudi jioni.

Binti naye ajue mipaka yake. Mazungumzo na msimamizi yawe ofisini wakati wa kazi, mlango wazi, au mbele ya wenzake. Hakuna elimu inayopatikana kwa kukutana chumbani, wala hakuna nafasi ya utafiti inayolipiwa hongo ya fedha au ya mwili. Akidaiwa lolote kati ya hayo, aandike tarehe na maneno yaliyosemwa, awaambie wazazi wake na afikishe habari katika ofisi ya chuo inayoshughulikia malalamiko. Nanyi wazazi, siku akija kuwaambia, msimlaumu kwa kuwa alikwenda. Mkimlaumu, siku nyingine hatasema.

Kuhusu mavazi, stara na usalama vinakwenda pamoja. Maabarani buibui lenye mikono mipana ni hatari karibu na moto na kemikali. Avae nguo ndefu ya pamba yenye mikono ya kubana, ushungi wa pamba uliochomekwa ndani ya koti jeupe, na viatu vilivyofunika mguu. Nailoni huyeyuka na kuganda mwilini ikishika moto. Ufuoni avae suruali pana chini ya gauni na viatu vya mpira. Akishika damu au najisi nyingine kwa glavu, ajisafishe kabla ya sala kama tunavyojua sote. Mwezi wa Ramadhani, amwambie msimamizi mapema ili kazi za juani zisogezwe asubuhi. Na aliye mjamzito amwarifu msimamizi wake bila ya kuona aibu, kwani kemikali kama fomalini hazimfai.

Liko pia suala la nauli. Mafunzo mengi ya kazini hayana malipo, na mkopo wa HELB hautoshi kila kitu. Hesabuni nauli na chakula cha miezi hiyo kama sehemu ya karo tangu mwanzo wa mwaka. Wanaosimamia zaka na michango ya misikiti yetu nao watazame: wanafunzi huchangiwa karo, lakini ni mara chache mtu kukumbuka nauli ya kwenda maabara, ambayo ni ndogo kuliko karo na huenda ikawa ndiyo inayoamua iwapo shahada ile itazaa matunda.

Majibu yasiyotarajiwa

Mwisho, ndugu zangu, utafiti hufundisha unyenyekevu. Mara nyingi jaribio halifaulu: miche hufa yote, jokofu hukatika umeme, au tofauti iliyotarajiwa haipo. Binti akirudi nyumbani akisema kaa wamekula sawasawa kivulini na mahali pa wazi, msimwambie kwamba amepoteza wakati. Amejua jambo ambalo jana halikujulikana, na amelisema kama lilivyo. Hilo nalo ni jibu, na linastahili kuandikwa.

Basi mwenye binti anayesoma baiolojia amwulize juma hili: ni mhadhiri gani ambaye kazi yake imekuvutia, na umekwisha kumwandikia? Kama hajamwandikia, kaa naye aandike. Kama ameandika na amekubaliwa, ulizeni yale ya gari na vyumba, kisha mpeni nauli na radhi zenu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape mabinti zetu elimu yenye manufaa, awalinde waendako na warudiko, na awajaalie kuwa wakweli katika wanayoyaona na wanayoyaandika. Amin.